Upungufu wa wataalamu wa dawa Kaskazini Mashariki: Jinsi biashara ya kuwatafuta wahudumu inavyoendeshwa

Mgeni anayeingia mjini Garissa kwa kuvuka daraja la mto Tana hawezi kudhani kwamba mji huu una uhaba wowote wa dawa. Kando ya Barabara ya Kismayu na katika mitaa kama Bulla Iftin, mabango yenye msalaba wa kijani hayaishi. Kila duka lina kabati za vioo, jokofu, na aghalabu benchi la wagonjwa wanaosubiri. Uhaba uko nyuma ya kaunta. Ukiuliza ni nani mwenye cheti kinachoning'inia ukutani, mara nyingi utaambiwa kwamba ametoka kidogo, na huenda "kidogo" hiyo ikawa ni miezi mitatu.

Ni pengo hilo lililozaa biashara ambayo makala hii inaieleza: ile ya kuwatafutia wenye maduka ya dawa wahudumu waliosajiliwa, ama wa kudumu ama wa kushikilia kazi kwa muda, ambao katika fani hii huitwa lokamu. Ni biashara ndogo isiyohitaji mtaji wa kutisha. Mimi niliianza kwa daftari moja, simu mbili na sifa ya kuwajua watu. Hata hivyo, ni biashara iliyozungukwa na sheria pande zote, na katika eneo letu imezungukwa pia na mambo ambayo hakuna sheria iliyoyatarajia.

Sheria inasema nini

Msingi wa yote ni Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244 ya Sheria za Kenya, ambayo ilianza kutumika mwaka wa 1957. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Bodi ya Dawa na Sumu, chombo kinachowasajili wataalamu na kukagua maduka. Wataalamu wenyewe ni wa ngazi mbili. Kuna mfamasia, ambaye amesoma shahada kwa miaka mitano na kufanya mafunzo ya kazini mwaka mmoja. Na kuna mteknolojia wa dawa, ambaye amesoma diploma ya miaka mitatu, kwa mfano katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya (KMTC). Wote wawili sharti wawe na leseni ya mwaka husika. Duka nalo lina usajili wake, ambao pia huhuishwa kila mwaka.

Mfanyabiashara asiye na taaluma hakatazwi kuwekeza katika dawa, lakini lazima kazi yenyewe iwe chini ya msimamizi aliyesajiliwa, na msimamizi huyo hawezi kulitumikia duka jingine kwa wadhifa huohuo. Hili ndilo fungu ambalo wengi hulipita mbio. Sheria haihitaji cheti ukutani tu. Inahitaji mtu mwenye cheti hicho awepo.

Anayetaka kufungua ofisi ya kuwatafutia watu kazi ana sheria nyingine za kusoma. Sheria ya Asasi za Kazi ya 2007 inadai mashirika ya kibinafsi ya ajira yasajiliwe, na Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya 2016 iliunda mamlaka ambayo sasa yanayasimamia. Isitoshe, kuna Sheria ya Ajira ya 2007. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba ulioandikwa, na kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Wenye maduka wengi hawalijui hili la pili. Humweka lokamu "wa siku chache" hadi siku zinageuka miezi, kisha hushangaa anapodai likizo. Likizo hiyo, baada ya mwaka mmoja, si chini ya siku 21 za kazi kwa malipo kamili.

Kwa nini wenyeji walikuwa wachache

Ni vigumu kuielewa biashara hii bila kuikumbuka historia ya eneo. Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini, kama ilivyoitwa enzi za mkoloni, ilifungwa kwa wageni na kutawaliwa kwa amri za kipekee. Uhuru ulipokuja 1963, vita vya shifta vilizuka, na sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika huku hadi zilipofutwa mwaka wa 1991. Katikati ya hayo, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zilizodhaniwa kuwa na rutuba na faida ya haraka. Garissa, Wajir na Mandera hazikuwa miongoni mwa sehemu hizo.

Matokeo yake hayakuhitaji mtabiri. Mahali penye shule chache za upili zenye maabara hapawezi kutoa wanafunzi wengi wa kemia na biolojia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha famasia mwaka wa 1974. Kwa miongo kadhaa baadaye, mtoto wa mfugaji aliyefika katika madarasa hayo alikuwa habari ya kijiji kizima. Kwa hiyo maduka ya dawa ya mkoa wa zamani wa Kaskazini Mashariki yalitegemea vijana kutoka Kitui, Meru, Kisii, Kakamega na kwingineko, waliokubali joto na umbali kwa sababu kwao kazi zilikuwa zimejaa. Daftari langu la kwanza lilikuwa karibu lote la majina yao.

Mambo yamebadilika kwa kiasi fulani. Tangu huduma za afya zihamishiwe serikali za kaunti mwaka wa 2013, vijana wengi zaidi wa Kisomali wamesomea kozi hizi wakijua kwamba kaunti na maduka ya nyumbani yatawahitaji. Daftari la sasa lina wenyeji wengi kuliko lile la kwanza. Lakini Mandera, ambayo iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi kwa barabara, bado si rahisi kumpata mtu wa kwenda, awe mwenyeji au mgeni.

Karatasi bila mtu

Ombi ambalo nimelipokea mara nyingi zaidi si la mhudumu, bali ni la cheti. Mwenye duka huja ofisini, huketi, huuliza hali ya watoto na ya mvua, kisha husema: "Abti, mtu ninaye. Kijana wa ndugu yangu anauza vizuri. Mimi nitafutie karatasi tu, nimlipe mwenyewe kila mwezi." Maana yake ni kwamba mtaalamu aliye Nairobi au Thika akodishe jina lake litundikwe ukutani, naye asitie mguu Garissa isipokuwa siku ya ukaguzi. Kwa ofisi kama yangu hizo ndizo fedha rahisi kuliko zote. Hakuna nauli, hakuna makao, hakuna simu za usiku.

Sitajifanya kwamba nimekuwa safi tangu mwanzo. Katika mwaka wa pili wa kazi hii nilimruhusu mteknolojia mmoja, kijana mwaminifu, asimamie maduka mawili ya mwenye mali mmoja yaliyotenganishwa na mwendo wa dakika kumi. Nilijiambia kwamba dakika kumi si kitu. Jioni moja, akiwa katika duka la pili, mhudumu wa kaunta asiye na mafunzo katika duka la kwanza aliuza dawa ya mafua yenye promethazini kwa mama mwenye mtoto mchanga. Dawa hiyo haifai kupewa mtoto aliye chini ya miaka miwili. Juu ya hayo, aliposema "kijiko kimoja", hakueleza ni kijiko kipi. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Kijiko kikubwa cha kulia hubeba mililita 15. Mama alitumia kile alichokuwa nacho nyumbani, ambacho kilikuwa kikubwa.

Mtoto alilala mchana kutwa bila kunyonya na akapelekwa hospitalini. Alipona, namshukuru Mungu. Nilikwenda kuwaona wazazi wake pamoja na mwenye duka. Baba yake alitupokea kwa chai na hakuinua sauti. Aliuliza swali moja tu: "Yule daktari ambaye picha yake iko ukutani, siku hiyo alikuwa wapi?" Nilikuwa na jibu la kweli na sikuweza kulitoa.

Tangu hapo sipeleki jina bila mwili. Wapo wateja niliowapoteza kwa msimamo huo, na baadhi yao wanaendelea na biashara hadi leo kwa karatasi walizozipata kwingine. Bodi hufanya misako, maduka hufungwa kwa makufuli, na baada ya muda mengine hufunguliwa kwa jina jipya. Anayeianza kazi hii ajue kwamba atashindana na wauza karatasi, na kwamba bei yao itakuwa chini ya yake daima.

Kumhakiki mtu, kwa upande mwingine, si kazi ngumu. Usitosheke na nakala ya cheti. Linganisha jina na nambari ya usajili na orodha za Bodi, itazame leseni ya mwaka wenyewe wala si ya mwaka jana, mwombe kitambulisho cha taifa, na umpigie simu mwajiri wake wa mwisho kwa nambari uliyoitafuta wewe, si ile aliyokupa yeye.

Miaka miwili iliyolitikisa daftari

Tarehe 22 Novemba 2014 magaidi wa Al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera likielekea Nairobi, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28, wengi wao wakiwa walimu na wafanyakazi waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo. Siku kumi baadaye, wachimba mawe 36 waliuawa katika machimbo karibu na mji huohuo wa Mandera. Vyama vya wafanyakazi, vya walimu na vya madaktari, viliwataka wanachama wao waondoke. Kisha, alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, chuo kikuu cha Garissa kilivamiwa na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi.

Asubuhi hiyo simu yangu haikunyamaza. Wenye maduka walitaka kujua kama wafungue. Vijana wangu walitaka kujua kama barabara ya Nairobi ilikuwa wazi. Ninayoikumbuka zaidi ni simu ya mama mmoja kutoka Magharibi ambaye mwanawe nilikuwa nimempeleka katika duka lisilo mbali na chuo. Hakunisalimu. "Wewe ndiye uliyemchukua mwanangu ukampeleka huko?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Yuko salama, nimezungumza naye sasa hivi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wewe ndiye utakayenirudishia." Kijana aliondoka mara barabara ilipokuwa na msafara wa usalama. Katika wiki zilizofuata, zaidi ya nusu ya majina katika daftari yalipigwa mstari.

Jambo ambalo halikuandikwa sana wakati huo ni lililowapata wagonjwa. Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu hawezi kuahirisha dawa yake hadi hali ya usalama itulie. Maduka yaliyobaki bila wataalamu hayakufungwa. Yaliendelea kuuza, ila mikono iliyouza ilikuwa ya binamu na wapwa wasiojua tofauti ya kipimo na kipimo. Mashambulizi yaliwaua watu kwa bunduki, na nadhani yalidhuru wengine kimyakimya kwa chupa na tembe, ingawa hao hakuna aliyewahesabu.

Mtihani mwingine ulikuja na mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 na kudumu siku 100, ukafuatwa mwaka wa 2017 na ule wa wauguzi. Hospitali za umma zilipofunga milango, watu waligeukia maduka. Katika miji hii muuza dawa huitwa "daktari" hata siku za kawaida. Wakati wa migomo aliombwa awe daktari kwelikweli, achome sindano, ashone majeraha, azalishe. Nililazimika kuandika katika mkataba kwamba mhudumu ninayempeleka hatatibu, na kwamba mwenye duka hawezi kumfukuza kwa kukataa.

Mambo ya kila siku

Garissa ni nchi ya chini yenye joto ambalo mara nyingi hupita nyuzi 35. Dawa nyingi huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30, na insulini ambayo haijafunguliwa huhitaji jokofu la nyuzi kati ya 2 na 8. Mtambo mkubwa wa umeme wa jua wa megawati 50 ulizinduliwa hapa Desemba 2019, lakini nguvu zake huingia katika gridi ya taifa, na duka la Bulla Iftin bado linaweza kukaa gizani jioni nzima. Kwa hiyo, kabla ya kumpeleka mtu, mimi hulikagua jokofu. Mwenye duka asiye na kipimajoto ndani ya jokofu ni mteja ambaye nitamhitaji sana ndipo nimkubali.

Lugha ni jambo zito zaidi. Mhudumu asiyejua Kisomali anaweza kutegemea mkalimani mchana, lakini maelezo ya dawa hayavumilii mkalimani mvivu. Huwafundisha wageni maneno machache ya lazima: kabla ya chakula, baada ya chakula, tikisa, maliza zote, usimpe mtoto. Vilevile huwafundisha kuhesabu saa kwa sala. Mgonjwa ambaye hana saa ya mkononi anajua vizuri alfajiri na magharibi, hivyo dawa ya mara mbili kwa siku hueleweka mara moja ikifungwa kwenye sala hizo mbili.

Ramadhani inapokaribia, kazi huongezeka. Dawa ya mara mbili huweza kuhamishiwa futari na daku. Ile ya mara tatu haina nafasi, na mhudumu mwema humrudisha mgonjwa kwa aliyemwandikia aone kama ipo nyingine, badala ya kumwachia apunguze mwenyewe. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anastahili kumwona daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na kukumbushwa kwamba dini yenyewe imemruhusu mgonjwa asifunge. Kijana wa bara asiyelijua hili huonekana mwenye dharau hata kama hana nia mbaya. Ndivyo ilivyo pia kwa maswali kuhusu vidonge vya jelatini na dawa za maji zenye pombe. Mteja huuliza kwa sababu za imani na anataka jibu, si tabasamu.

Wanawake wengi hawatamweleza mwanamume shida zao za uzazi. Mhudumu wa kike anayejua Kisomali ndiye ninayeombwa kuliko wote na ndiye adimu kuliko wote.

Jambo jingine ni tembe za kulewesha. Vijana huja na karatasi zilizochakaa wakitaka tramado, diazepamu au zile ziitwazo mitaani bugizi, na mhudumu aliye peke yake saa tatu usiku anaweza kutishwa. Daftari la dawa zinazodhibitiwa lazima liwe limejazwa tangu siku ya kwanza, na mwenye duka akubali kwamba kabati hilo lina ufunguo mmoja na haukai kwa mpwa wake.

Hesabu

Wanaoniuliza kuhusu faida huwapa mfano huu, ambao si bei ya soko bali ni wa kufanyia hesabu. Tuseme mwenye duka analipa Sh2,500 kwa siku, mhudumu anapata Sh2,000 na ofisi inabakia na Sh500. Kwa siku 26 ofisi itapata Sh13,000 kwa kila nafasi, na kwa nafasi nne Sh52,000. Inaonekana nzuri. Lakini mhudumu hawezi kungoja. Anakula leo, na tangu M-Pesa ianze 2007 hakuna kisingizio cha kutomlipa jioni. Mwenye duka mmoja akichelewa mwezi mzima, ofisi itakuwa imetoa Sh52,000 zake kumlipa mhudumu huyo, yaani ujira wote wa nafasi zote nne. Ofisi nyingi za aina hii hufa kwa sababu ya deni la mteja mmoja, mara nyingi jamaa.

Mimi hudai amana ya wiki mbili. Mwanzoni nilionekana sina adabu, maana hapa neno la mtu lina uzito kuliko risiti. Kukopa ili kuziba pengo kuna ugumu wake pia kwa anayeogopa riba, ingawa tangu 2008 nchi imekuwa na benki zinazofuata sharia. Sheria ya ushuru nayo haitambui ujamaa: mkataba useme wazi ni nani mwajiri, kwa kuwa huyo ndiye atakayekata na kupeleka kodi ya mapato, michango ya NSSF, ile ya bima ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na tozo ya nyumba. Usimtoze mtafuta kazi hata shilingi moja; ukianza hapo, utampeleka atakayekulipa badala ya anayefaa.

Barabara pia ina hesabu yake. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya Tana yaliikata njia ya Nairobi pale Kona Punda, karibu na Madogo, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua, mojawapo ikapinduka na kuua. Lokamu aliyekuwa aje kwa siku tano hakufika, na yule aliyepaswa kuondoka hakuondoka. Mkataba wangu haukuwa na neno kuhusu mto. Sasa unalo.

Yule kijana wa Magharibi alinipigia simu miaka mitatu baada ya kuondoka. Alikuwa amechoka kushindania nafasi za Nairobi na alitaka kurudi. Nilimwambia kwamba sitamchukua kabla ya mamake kunipigia. Alinipigia siku ya pili, na safari hii alinisalimu. Aliuliza mambo matatu: duka liko umbali gani kutoka kituo cha polisi, mwanawe atalala na nani, na nauli ya kurudi inashikwa na nani. Maswali hayo sasa yamo katika ukurasa wa kwanza wa fomu yangu, na mwenye duka huyajibu kwa maandishi kabla mtu hajapanda basi. Nauli ya kurudi hutumwa kwa simu ya mhudumu mwenyewe siku anapowasili.